Hewa ya ukaa ndani ya slagi ya feleji: uchambuzi wa kisa cha kiwanda kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu kiwanda cha feleji kilichojaribu kufungia sehemu ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye matanuru yake ndani ya slagi, yaani mavi ya chuma yanayobaki baada ya chuma kuyeyushwa na kusafishwa. Jina la kiwanda, mahali kilipo, miaka ya mradi na vyeo vya wahusika vimeondolewa, na viwango vya uzalishaji vimeachwa kwa sababu hiyohiyo. Takwimu zilizomo ni za kemia na za sekta kwa jumla, ambazo msomaji anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi. Matokeo ya kiwanda chenyewe yameelezwa kwa uwiano tu.

Usuli

Kiwanda kilikuwa na tanuru kubwa la kuyeyushia mawe ya chuma, na tanuru la oksijeni ambamo chuma ghafi hugeuzwa kuwa feleji. Kila tanuru lilitoa slagi yake, na tofauti kati ya slagi hizo mbili ndiyo iliyoamua mengi baadaye. Slagi ya tanuru kubwa ilipozwa ghafla kwa maji, ikawa punje za kioo, na viwanda vya saruji viliinunua yote. Slagi ya tanuru la oksijeni, ambayo kwa kawaida hufikia kilo 100 hadi 150 kwa kila tani ya feleji, ilimwagwa uwanjani ikapoa polepole, ikapondwa, ikapitishwa kwenye sumaku ili kuokoa vipande vya chuma, kisha ikachekechwa. Kokoto zake ziliuzwa kwa wajenzi wa barabara. Chenga, yaani punje ndogo zilizopita kwenye chekecheo, hazikupata mnunuzi, na rundo lake lilikua mwaka hadi mwaka.

Matatizo ya slagi hiyo yalikuwa mawili, na yote yalitokana na chokaa. Chokaa isiyozimwa hutiwa kwa wingi kwenye tanuru la oksijeni ili ivute fosforasi na uchafu mwingine kutoka kwenye chuma kilichoyeyuka, na sehemu yake huganda ndani ya slagi bila kuungana na kitu chochote. Chokaa hiyo huru ikikutana na maji huzimika, na ikizimika ujazo wake hukaribia kuwa maradufu. Wajenzi walikuwa wamelalamika kwamba tabaka za barabara zilizowekwa kokoto hizo zilivimba na kupasuka. Maji ya mvua nayo yalipopita katikati ya rundo yalitoka yakiwa na pH (kipimo cha asidi na besi) ya zaidi ya 12, sawa na maji ya chokaa yaliyokolea, na kiwanda kililazimika kuyakusanya bwawani na kuyapunguza ukali kwa asidi kabla ya kuyaachia.

Chokaa hiyohiyo, pamoja na silikati za kalsiamu (madini ya kalsiamu na silika) zilizoizunguka, huungana na hewa ya ukaa na kuwa kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo madini ya mawe ya chokaa. Muungano huo hautaki kusukumwa kwa nishati, kwani wenyewe hutoa joto, na kaboneti inayopatikana hudumu muda mrefu mno isipokutana na asidi au moto mkali. Wazo la kufungia hewa ya ukaa ndani ya silikati lilitolewa na W. Seifritz katika jarida la Nature mwaka 1990, yeye akizungumzia madini ya asili. Slagi ina faida kuliko miamba mingi kwa kuwa iliundwa kwa joto kali, madini yake hayajatulia, tena imekwisha kuchimbwa na iko palepale penye moshi.

Andiko la mradi lililopelekwa kwa uongozi lilikuwa na hesabu moja kwenye ukurasa wa kwanza. Slagi ya tanuru la oksijeni ilikuwa na oksidi ya kalsiamu, kemikali ya chokaa isiyozimwa, ipatayo asilimia 45. Kwa kuwa gramu 56 za oksidi hiyo hufunga gramu 44 za hewa ya ukaa, tani moja ya slagi ingeweza kufunga takriban kilo 350. Hesabu yenyewe ni sahihi. Hata hivyo ilisomwa kama ahadi, ilhali ni dari ambayo hakuna slagi ya kawaida inayoifikia bila gharama kubwa.

Mfuatano wa matukio na maamuzi

*Slagi ipi itumike.* Pendekezo la awali lilitaka slagi zote mbili ziingizwe kwenye mradi ili kiasi kionekane kikubwa. Wahandisi wa kiwanda walikataa kuigusa slagi ya kioo, na sababu yao ilikuwa nzito. Slagi hiyo ikisagwa huchukua nafasi ya klinka (madonge yanayochomwa tanuruni kisha kusagwa kuwa saruji) ndani ya saruji, na kutengeneza tani moja ya klinka hutoa takriban tani 0.8 za hewa ya ukaa. Kuifungia hewa ya ukaa moja kwa moja kungeokoa kidogo kuliko hapo, na kungeiharibia sifa ya kuganda ambayo wenye saruji wanailipia. Ilibaki slagi ya tanuru la oksijeni, na ndani yake zilichaguliwa chenga. Kokoto zingepaswa kusagwa upya, na kila kilowati-saa 10 za umeme wa makaa ya mawe huja na kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa, lakini chenga zilikuwa tayari zimepondwa kwa ajili ya sumaku.

*Gesi ipi itumike.* Gesi ya tanuru kubwa ilikuwa karibu na rundo na ina hewa ya ukaa ya kutosha. Ina pia kaboni monoksidi kwa kiwango cha takriban sehemu moja kwa tano, nayo ni sumu inayoua bila kutoa harufu, na wakati huohuo ni nishati ambayo kiwanda huichoma kwa manufaa. Kuipitisha kwenye rundo lililo wazi kungekuwa hatari na hasara kwa pamoja. Ilichaguliwa gesi ya tanuru la kiwanda la kuchomea chokaa, ambayo kiwango chake cha hewa ya ukaa ni kikubwa kuliko cha moshi wa kawaida wa mitambo ya umeme, kwa sababu mawe ya chokaa yenyewe huitoa yanapochomwa. Ilipozwa na kuchujwa vumbi, bila kusafishwa zaidi. Huu ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote katika mradi, kwani sehemu ghali zaidi ya uhifadhi wa hewa ya ukaa kwa njia nyingine ni kuitenganisha na nitrojeni, na slagi haihitaji kutenganishiwa chochote.

*Majaribio ya maabara.* Chenga zilizolowanishwa ziliwekwa kwenye chombo kilichofungwa, gesi ikapitishwa kwa kanieneo ya kawaida. Ilionekana mapema kwamba unyevu ndio unaotawala. Chenga kavu hazikuitikia karibu kabisa, kwa kuwa hewa ya ukaa lazima iyeyuke kwanza kwenye maji ndipo ikutane na kalsiamu. Chenga zilizoloa chapachapa nazo zilizorota, kwa sababu matundu yalijaa maji, na hewa ya ukaa hupenya maji yaliyotulia polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyopenya hewa. Katikati ya hali hizo mbili kulikuwa na kiwango kilichofaa, na kilitofautiana kulingana na ukubwa wa chembe. Jambo la pili lilikuwa kwamba mwitikio ulianza kwa kasi kisha ukafifia, kwa kuwa kaboneti na silika mpya huganda juu ya chembe na kuizungushia gamba. Vumbi lilifunga hewa ya ukaa mara kadhaa zaidi ya chembe za milimita chache.

*Rundo la wazi.* Licha ya somo hilo la maabara, uongozi ulichagua kuanza na rundo la wazi lililotandikwa mabomba yenye matundu chini yake. Sababu iliyoandikwa ilikuwa gharama: hakuna mtambo wa kununua, na rundo liko tayari. Ilieleweka, lakini rundo la wazi lilizinyima pande zote mbili kile zilichohitaji, yaani wahandisi hawakuweza kudhibiti unyevu na wahasibu hawakuweza kupima gesi iliyotoka.

Matatizo yalifuata utaratibu ambao ungeweza kutabiriwa. Karibu na mabomba mwitikio ulipamba moto, joto likapanda, maji yakageuka mvuke, na chenga zikakauka kabla hazijamaliza kazi. Muungano wa chokaa na hewa ya ukaa hutoa kilojuli 178 kwa kila moli, yaani kwa kila gramu 44 za hewa ya ukaa, na katikati ya rundo joto hilo halina pa kwenda. Mvuke ulipanda juu, ukapoa, ukalowesha tabaka la juu mpaka likashikamana na kuwa ganda. Gesi ilitafuta njia nyepesi, ikapita kwenye mifereji ya chembe kubwa na kuacha maeneo mapana bila kuguswa. Rundo lilipofukuliwa, mabonge magumu meupe yalikutwa yamezungukwa na slagi ambayo ilikuwa vilevile kama siku ilipowekwa.

Tahadhari moja ilichukuliwa vizuri katika hatua hii. Hewa ya ukaa ni nzito takriban mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya mabondeni na mashimoni. Vipimo vyenye kengele viliwekwa kwenye shimo la pampu na kwenye mtaro, na kuingia humo peke yako kulipigwa marufuku. Kengele zililia mara kwa mara asubuhi zisizo na upepo, na hakuna aliyedhurika.

*Pipa linalozunguka.* Baada ya rundo kushindwa, kiwanda kilichukua pipa refu la chuma lililokuwa likitumika kukaushia malighafi, kikalifunga ncha zake na kulifanya lizunguke taratibu huku gesi ikiingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Maji yalinyunyizwa kidogokidogo kufidia yaliyopotea kwa joto. Mzunguko ulifanya kazi ambayo haikutarajiwa sana: chembe zilisuguana, gamba likachubuka, na uso mpya wa slagi ukajitokeza kuitikia. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, iliwezekana kupima gesi pande zote mbili.

*Kipimo cha kilichofungwa.* Ripoti ya kwanza ya pipa ilitumia njia rahisi: slagi ilipimwa uzito kabla na baada, na nyongeza yote ikaitwa hewa ya ukaa. Mkemia wa kiwanda alipinga. Chokaa inayozimika huongezeka uzito kwa kunywa maji, na chuma kinachoshika kutu huongezeka kwa oksijeni, kwa hiyo mizani haiwezi kutenganisha vitu hivyo vitatu. Sampuli zilianza kupashwa joto taratibu ndani ya nitrojeni huku uzito ukifuatiliwa. Maji ya chokaa iliyozimwa hutoka nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, na hewa ya ukaa ya kaboneti hutoka juu ya nyuzi 600. Takwimu mpya zilikuwa ndogo kuliko za ripoti ya kwanza. Zilipungua tena pale chenga za zamani, zilizokwisha kufunga hewa ya ukaa kutoka angani zikiwa rundoni, zilipopimwa kabla ya kuingia pipani na kiasi hicho kutolewa kwenye hesabu.

*Vanadiamu.* Kabla ya chenga kuuzwa, maabara ilizitikisa ndani ya maji na kupima kilichoyeyuka. Habari nyingi zilikuwa njema, kwa maana pH ilishuka na kalsiamu iliyotoka ilipungua sana. Vanadiamu, metali inayoweza kudhuru ikizidi majini, kinyume chake ilitoka zaidi kuliko kwenye slagi ambayo haikutibiwa. Jambo hili linajulikana katika tafiti za slagi ya tanuru la oksijeni: vanadiamu hukaa ndani ya silikati za kalsiamu, na silikati zinapovunjwa na hewa ya ukaa huachia kilichokuwa kimefichwa. Kiwanda kiliamua kwamba chenga zilizotibiwa hazitawekwa mahali ambapo mvua hupita moja kwa moja kwenda kwenye maji ya ardhini, bali zitafungwa ndani ya matofali.

*Mkaguzi.* Hatua ya mwisho ilikuwa kuomba hati za kaboni, yaani vyeti vinavyoweza kuuzwa vya hewa ya ukaa iliyozuiwa au kuondolewa. Mkaguzi wa nje aliuliza mambo ambayo andiko la mradi halikuwa limeyajibu: nini kingetokea kwa slagi hiyo bila mradi, umeme na dizeli vimetoa kiasi gani, na chenga zitaishia wapi. Alikataa pia neno lililotumika kwenye maombi, la kuondoa hewa ya ukaa angani. Gesi ilitoka kwenye tanuru la kiwanda chenyewe, kwa hiyo kilichofanyika kilikuwa kuzuia sehemu ya moshi isifike angani. Maombi yalirudishwa, na kiwanda hakikuyawasilisha tena.

Matokeo

Pipa lilifunga chini ya theluthi moja ya zile kilo 350, na kiasi halisi kilishuka zaidi baada ya kutoa umeme, dizeli na kile ambacho slagi ingefunga yenyewe. Chenga zilizotibiwa hazikuvimba kwenye majaribio ya mvuke, zikapata mnunuzi mmoja wa kutengenezea matofali. Maji yaliyotoka kwenye slagi mpya hayakuhitaji asidi kama zamani. Rundo la zamani lilibaki lilipo.

Uchambuzi

Mradi huu ulipimwa kwa kipimo ambacho haukuweza kukifikia, na faida yake halisi ikaandikwa kwenye viambatisho. Chukua slagi kilo 120 kwa kila tani ya feleji. Hata kama kila chembe ya kalsiamu ingeitikia, ingefunga kilo 42, ilhali kutengeneza tani hiyo ya feleji kwa njia ya tanuru kubwa hutoa takriban tani 2 za hewa ya ukaa. Hiyo ni kama asilimia 2. Kwa ufanisi wa theluthi moja, inabaki chini ya asilimia 1. Hakuna ustadi wa uhandisi unaoweza kuibadilisha hesabu hii, kwa sababu mpaka wake ni kiasi cha kalsiamu kilichopo, na kama kiwanda kikiongeza chokaa ili kipate slagi zaidi kitakuwa kimechoma mawe ya chokaa zaidi.

Kuhusu chokaa kuna jambo ambalo mkaguzi aligusia na ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa andiko. Chokaa iliyomo ndani ya slagi ilipatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, na mawe hayo yaliachia hewa yake ya ukaa tanuruni. Slagi inapoifunga tena, kinachotokea ni kurudisha sehemu ya kile kilichoachiwa mwanzoni mwa mnyororo. Kurudisha huko kuna thamani, kwani bila hivyo hewa hiyo ingebaki juu, lakini hakuipi kampuni haki ya kudai kwamba imepata ghala jipya la kuhifadhia moshi wa makaa yake.

Kilichofaulu kwa uhakika ni matibabu ya slagi yenyewe. Wengi waliosoma ripoti walidhani kwamba hewa ya ukaa inaizuia chokaa isivimbe. Kwa kweli kaboneti ina ujazo mkubwa hata kuliko chokaa iliyozimwa, na ongezeko kutoka chokaa iliyozimwa hadi kaboneti ni takriban asilimia 12. Tofauti ni wakati: uvimbe unamalizika ndani ya pipa, kabla tofali halijatengenezwa, na kaboneti mpya hujaza matundu na kuzishikanisha chembe. Ubelgiji, kampuni ya Orbix na taasisi ya utafiti ya VITO ziliijenga njia ya Carbstone juu ya msingi huu, slagi ikigandishwa kuwa matofali kwa hewa ya ukaa bila saruji. Kiwanda cha kisa hiki kingeweza kuanzia hapo, kwa sababu tofali linalochukua nafasi ya saruji huokoa hewa ya ukaa kwa njia mbili, na njia ya pili haimo kwenye zile kilo 350.

Uamuzi wa kuanza na rundo la wazi ndio ulioigharimu kampuni muda mwingi. Ulionekana wa tahadhari kwa kuwa haukuhitaji mtambo, lakini jaribio ambalo haliwezi kupimwa halina tahadhari ndani yake. Pipa kuukuu lililofungwa ncha lingetoa majibu yaleyale mapema, kwa fedha ambazo hazikutofautiana sana na zile za mabomba na ufukuaji.

Suala la mwisho wa maisha ya bidhaa bado halijapata jibu la kutosha. Mnunuzi wa chenga anatengeneza matofali, na humo kaboneti iko salama. Lakini kabla yake, kiwanda kimoja cha saruji kilikuwa kimeonyesha nia ya kuzinunua kama malighafi ya klinka. Tanuru la klinka hufika nyuzi 1,450, na kila kilo iliyofungwa kwa kazi yote ile ingerudi angani kwa dakika chache. Kiwanda kilikataa ofa hiyo, ila kwa sababu ya bei, na mkataba wa sasa haumzuii mnunuzi wa matofali kuuza masalia yake popote apendapo.

Upungufu mwingine ni wa kulinganisha. Ili kujua slagi ingefunga kiasi gani bila mradi, lilihitajika rundo dogo la chenga mpya lililoachwa kwenye mvua na upepo tangu mwanzo, likichukuliwa sampuli za juu na za kina, kwa kuwa hewa hupenya tabaka la juu tu na sampuli za juu pekee hutia chumvi. Bila rundo hilo, makadirio yaliyotumika yalitoka kwenye chenga za zamani ambazo umri wake haukuandikwa. Rundo la kulinganisha lilianzishwa mradi ulipokuwa ukingoni, na vipimo vyake vitafaa kwa awamu itakayofuata, si kwa ile iliyokwisha kuripotiwa.